Marehemu wa Jumamosi

Mume wangu Khoan alikufa mara moja tu, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tatu wa mwandamo, baada ya kunywa chai na kulalamika kwamba imepoa. Kwa hiyo tunamkumbuka mara moja kwa mwaka. Tunapika, tunapanga masinia mbele ya picha yake, tunawasha udi, tunamwita. Yeye anakula kwanza, udi ukiisha tunamuuliza kama ameshiba, akikubali tunashusha masinia na sisi tunakula. Ndivyo ilivyo katika kila nyumba hapa Ninh Binh, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angeliona ni jambo la ajabu, mpaka walipokuja Waholanzi.

Waholanzi hawakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mkwe wangu Diu, na hata yeye simlaumu sana. Kalenda yetu ya ukutani ina tarehe mbili kwenye karatasi moja. Ile kubwa ya juu ni ya jua, nayo ni ya shule, ya benki na ya ndege za wageni. Ile ndogo ya chini ni ya mwandamo, ya kupanda, ya kuoa na ya marehemu. Diu alipopigiwa simu na Quyen, yule kijana wa Hanoi anayetuletea watalii, alitazama ya juu, akaona siku iko wazi, akasema walete. Ya chini hakuitazama. Ilikuwa tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tatu.

Niwaeleze nyumba yetu. Iko nyuma ya kilima cha mawe, kile chenye mgongo kama wa nyati aliyelala, na mbele yake ni mashamba ya mpunga mpaka mtoni. Mwanangu Toai, mume wa Diu, alijenga vyumba vitatu vya wageni upande wa zizi la mbuzi, akavipaka rangi, akaning'iniza taa za karatasi. Wageni huja kupanda mashua. Diu ndiye huwapakia, na kama wanawake wote wa mto huu anapiga makasia kwa miguu, ameegemea nyuma kama mtu anayepumzika. Miguu ya Diu imepigwa picha kuliko uso wake. Ikiwa wataka kujua, ni miguu ya kawaida. Wakirudi kutoka kwenye mapango ya mtoni wanataka kulima. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Wetu wanaliomba siku ya kwanza, tena wanalilipia, na wakishalishika wanapigana picha kisha wanaliacha kwenye matope.

Basi siku hiyo ndugu walikuwa wamejaa, mikeka imetandikwa sebuleni hadi uani, kuku wazima wamechemshwa na kukalishwa vizuri na ua jekundu mdomoni, wali wa kunata umewiva, supu ya machipukizi ya mianzi inatokota. Toai alikuwa anawasha udi. Hapo ndipo basi dogo likasimama langoni, wakashuka watu kumi warefu wenye kofia.

Quyen alikuja mbio, akaona picha, akaona udi, akaishiwa rangi.

"Bibi, kuna msiba?"

"Hakuna. Msiba ulikuwa miaka sita iliyopita."

"Sasa wageni niwapeleke wapi?"

"Wapeleke kwenye mkeka," nikamwambia. "Kila sinia watu sita. Waambie wavue viatu."

Ningesema nini kingine? Mtu akija siku ya kumbukumbu ya marehemu humrudishi.

Wakaketi. Miguu yao haikukunjika vizuri, ikabidi tuwape nafasi ya watu wawili wawili. Alikuwepo mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, baba wa watu huko kwao, ambaye alilelewa kwamba ni adabu kumaliza chakula ulichopewa. Diu naye alilelewa kwamba bakuli la mgeni likiwa tupu ni aibu ya nyumba. Wawili hao walipambana mchana kutwa. Alimaliza, akajaziwa, akamaliza, akajaziwa. Mwisho aliweka kiganja juu ya bakuli, machozi yakimlengalenga, na Diu akamwekea nyama ya mbuzi juu ya kiganja.

Binamu za Khoan waliwanywesha pombe ya mchele. Mama mmoja wa Kiholanzi aliuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, Quyen akatafsiri, nami nikajibu kwamba alikuwa mtu wa kawaida ila hakupenda kuitwaitwa. Mama yule akalia. Sikuelewa alichokilia, lakini nikampa ukoko wa wali uliokaangwa, akatulia.

Wakaondoka. Baada ya muda Quyen akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeokota kitu njiani.

"Bibi, wageni wale wameandika mtandaoni. Wanasema katika nchi nzima hawakuona kitu kizuri kama kifo cha Babu. Mto umeshika nafasi ya pili."

"Tunashukuru," nikasema.

"Sasa kampuni inauliza, mnaweza kufanya kila Jumamosi?"

"Kufanya nini?"

"Kumbukumbu ya Babu."

Nikampa Diu simu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo ndilo lililonikosesha raha mwaka ule wote. Kando ya barabara kuu kulikuwa kumejengwa hoteli zenye mabwawa ya kuogelea, na wageni wetu walikuwa wamepungua mpaka mbuzi wakaanza kulala kwenye baraza la vyumba. Diu ana binamu yake huko mjini Bac Ninh anayefanya kazi katika kiwanda cha simu. Binamu huyo alikuwa amemwambia kuna nafasi, na kitanda kipo, na atarudi nyumbani kila sikukuu ya mwaka mpya. Diu aliniambia tukiwa tunanyonyoa kuku. Hakulia wala nini. Alisema tu, "Mama, kama Quyen naye akituacha, itabidi niende," akaendelea kunyonyoa.

Mimi nimezaa mabinti wawili, wote wameolewa mbali na wote wanapiga simu kuniuliza kama nimekula. Diu ndiye anayejua kama nimekula. Yeye ndiye anayenikuna mgongo pale nisipofika, na ndiye tunayegombana naye kuhusu chumvi. Sikutaka aende. Nilikuwa tayari kufanya karibu kila kitu asiende, na hicho "karibu" ndicho kilichokuwa kimebaki kutazamwa.

"Mama," akasema baada ya kuweka simu, "Quyen anasema tukikataa atatafuta nyumba nyingine yenye marehemu."

"Nyumba zote zina marehemu."

"Ndicho anachosema na yeye."

Toai akasema tufanye kama mchezo tu, bila udi, masinia yawekwe mbele ya picha kwa ajili ya macho ya wageni. Diu akamgeukia.

"Chakula kikiwekwa mbele ya picha kimewekwa. Baba atakuja tu. Utamwambia nini akifika? Kwamba tulikuwa tunatania?"

Toai akaenda kwa mbuzi wake.

"Nitamuuliza mwenyewe," nikasema.

Kwetu ukitaka kumuuliza marehemu neno, unachukua sarafu mbili za zamani, zile zenye tundu la mraba katikati, umezipaka chokaa upande mmoja. Unazirusha kwenye sahani. Moja ikiangukia nyeupe na moja nyeusi, amekubali. Zote nyeusi, amekataa. Zote nyeupe, anacheka. Unaruhusiwa kuuliza mara tatu, zaidi ya hapo ni utovu wa adabu.

Nikawasha udi, nikamweleza Khoan habari yote: hoteli, kiwanda, Waholanzi. Nikamuuliza kama atakubali kuja kila Jumamosi.

Mara ya kwanza, zote nyeupe. Mara ya pili, zote nyeupe. Mara ya tatu, zote nyeusi.

"Labda hakusikia vizuri," Diu akasema.

"Amesikia. Alicheka mara mbili kisha akakasirika. Hata alipokuwa hai ulikuwa ndio utaratibu wake."

Kwa hiyo Khoan alikuwa amejitoa, na mimi singeweza kumlazimisha. Diu akapiga pasi nguo zake mbili nzuri. Hakusema ni za nini.

Habari za kijijini hazina miguu lakini hukimbia. Kesho yake wifi yangu Man, dada mkubwa wa Khoan, alifika kwa baiskeli, kofia ya majani kichwani na uso umekunjwa. Hakuamkia. Aliegemeza baiskeli kwenye mti wangu wa komamanga, jambo analojua silipendi, akaingia.

"Nasikia mnataka kumuua mdogo wangu kila Jumamosi."

"Karibu, wifi. Kaa."

"Sikai. Mtu amekufa vizuri, kwa heshima, watoto wamemzunguka, leo mnataka kumfanya kikaragosi cha wazungu. Nani kasema? Wewe?"

"Tumemuuliza. Amekataa."

Man akakaa. "Afadhali. Alikuwa na akili mara moja moja."

Nikamtengenezea tambuu. Anatafuna upande wa kushoto tu, wa kulia hauna kitu. Alitafuna, akatazama madhabahu yetu, ambapo picha ya Khoan iko katikati, ya mama yao kulia, ya baba yao kushoto, na pembeni kabisa ile ndogo ya kaka yao mkubwa, Thieng, aliyevaa shati la kuazima.

"Na huyo mtoto wa watu anakwenda kweli?" akauliza, akimwonyesha Diu kwa kidevu.

"Tukikosa Jumamosi, anakwenda."

Akatafuna tena. Diu alikuwa anachambua mboga akijifanya hasikii.

"Na Thieng?" Man akasema.

Thieng mimi sikumkuta. Alikwenda vitani kusini kabla sijaolewa, na hakurudi. Baadaye sana serikali ilileta karatasi iliyotaja mwaka aliokufa. Haikutaja siku, kwa kuwa hakuna aliyeijua. Na mtu asiye na siku ya kufa ni taabu kubwa kwetu, maana hujui umwite lini. Ukimwita siku isiyo yake, meza inakaa na chakula na yeye hayupo. Siku yake ikipita bila kuitwa, anazunguka na njaa. Mama mkwe wangu aliamua tushike siku aliyoondoka nyumbani. Ndiyo tunayoishika hadi leo, na kila mwaka Man huja, hula kidogo, na husema maneno yale yale.

Akayasema na siku hiyo.

"Siku aliyoondoka nilikuwepo. Alikula viazi vitatu mbele yangu, na kimoja kilikuwa changu. Mnamlishaje mtu siku aliyoshiba?"

"Hatuna siku nyingine, wifi."

"Ndiyo nasema. Hatuna siku nyingine, kwa hiyo tunazo zote." Akatema tambuu kwenye kopo. "Tukimwita kila Jumamosi, iko Jumamosi moja itakayoangukia siku yenyewe. Si lazima?"

Toai alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Akasema ni kweli, Jumamosi huhamahama katika tarehe za mwandamo, mwaka huu iko hapa, mwaka ujao iko pale. Itachukua miaka mingi lakini zote zitapitiwa.

"Nina haraka gani?" akasema Man, mwanamke mwenye goti moja zima na moyo unaoruka hatua.

Diu akaweka mboga chini. "Shangazi, wageni watakuwepo."

"Thieng alipenda watu."

"Na wakija Wamarekani?"

Nje mbuzi alikuwa anakula kitu ambacho hakikuwa chake.

"Wakija wataketi sinia la karibu na mlango," Man akasema. "Penye upepo. Lakini kwanza aulizwe mwenyewe."

Akachukua sarafu yeye, kwa sababu ni dada yake. Alimwambia kwa ufupi, kama mtu anayemwita nduguye aingie ndani mvua isimnyeshee. Akarusha. Moja nyeupe, moja nyeusi, mara ile ile ya kwanza.

"Hakusita hata kidogo," nikasema.

"Miaka yote hiyo na njaa, wewe ungesita?"

Basi tukaanza. Quyen alifurahi mpaka akatuletea sabuni. Alikuja pia na masharti: kampuni inaomba mafuta yapunguzwe, na vichwa vya kuku visitazame wageni. Man naye alikuwa na yake. Kila mtu anawe mikono. Hakuna picha mpaka sarafu zikubali. Hakuna kuuliza bei ya picha ya marehemu, maana kuna mmoja aliuliza. Na mwenye kutaka kucheka akachekee mtoni.

Aliyakariri masharti hayo akiwa amesimama mlangoni na fimbo yake ya kutembelea, Quyen akitafsiri kwa sauti ya chini, na wageni, watu wazima wenye kazi zao, walinyoosha viganja vyao avikague. Baadaye Quyen aliniambia kwamba mtandaoni wanamtaja Man kabla ya chakula.

Jumamosi ya tatu au ya nne, msichana mmoja wa Kikorea, mwenye heshima sana, aliuliza marehemu alipenda kula nini.

Swali dogo. Khoan ningemjibia usingizini. Man akamtazama Thieng kwenye picha.

"Tulikuwa tunakula kilichokuwepo," akasema. "Hakuna aliyemuuliza."

Quyen akatafsiri. Msichana akainamisha kichwa. Man hakula kitu siku hiyo, na alipokwenda kuchukua baiskeli yake alikaa nayo mkononi muda mrefu kabla ya kuipanda.

Jumamosi iliyofuata alifika asubuhi na mapema, akaingia jikoni, akamwambia Diu aache kila alichokuwa anafanya.

"Leo tunampikia samaki wa matope na ndizi mbichi. Tutaona."

"Tutaona nini, Shangazi?"

"Kama anapenda."

Tangu hapo kila Jumamosi ikawa na chakula chake. Akikubali mara moja, Man alisema ni adabu tu. Sarafu zikianguka nyeupe zote mbili alisema, "Anacheka, amefurahi, tia alama." Kwa bata na kitunguu kichanga alifurahi. Kwa tumbo la nguruwe hakufurahi. Nyama ya mbuzi aliikataa mara mbili, na Toai alinuna siku nzima, maana mbuzi ni wake. Diu alikuwa anatoka mtoni miguu imelowa, anaingia moja kwa moja jikoni, na wawili hao wanagombana humo ndani kwa sauti ambayo wageni walidhani ni sehemu ya ibada.

"Shangazi, pilipili hiyo itaua mtu."

"Anayekula ameshakufa."

"Na Waitaliano je?"

"Wao waje na maji."

Siku moja akaja Mmarekani, mzee, peke yake. Aliketi sinia la mlangoni bila kuambiwa. Aliuliza mwaka aliokufa Thieng, Quyen akamwambia, naye hakugusa chakula. Man alimwona. Alichechemea hadi pale, akajaza bakuli la yule mzee mpaka wali ukawa kama kilima chetu.

"Mwambie ale," akamwambia Quyen. "Mwenye nyumba ameshakula."

Akala. Akamaliza. Tukamjazia.

Mambo yakawa hivyo mpaka mwezi wa tisa wa mwandamo. Zile nguo mbili za Diu zilirudi kuwa za kuvaa sokoni. Mbuzi wakafukuzwa kwenye baraza. Kisha ikaja Jumamosi moja ya manyunyu, wageni wengi kuliko siku zote, Man amepika kaa wadogo wa shambani na mboga za majani, supu ya kijani, kitu ambacho kila mtu wa hapa amekula tangu akiwa na meno.

Udi ukaisha. Man akarusha. Zote nyeusi.

"Hajamaliza," akasema. Tukasubiri kidogo. Akarusha. Zote nyeusi.

Mara ya tatu zote nyeusi. Toai akawasha udi mwingine ili tuanze upya kwa adabu. Wageni walikaa wakisikiliza matumbo yao. Udi wa pili ukaisha. Zote nyeusi tena, na tena. Supu ikapoa. Quyen akatazama saa, akatazama basi, akanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nakula.

"Anakula polepole leo," nikasema.

Man alikuwa amepiga magoti mbele ya sahani, sarafu zimo kiganjani. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ni moyo.

"Wifi?"

"Anakula polepole kwa sababu leo ndiyo siku," akasema. "Ndiyo siku yenyewe. Siku zingine alikuwa anapita tu. Leo amekaa."

Akalia. Sikuwa nimewahi kumwona Man akilia, hata kwa Khoan. Alilia kwa sauti, bila kujifunika, kofia imeanguka pembeni. Wageni nao wakalia, wengine bila kutafsiriwa. Alipotulia akarusha mara ya mwisho, ikawa moja nyeupe, moja nyeusi.

"Toai," akasema, "tazama ile ndogo ya chini. Ni tarehe ngapi?"

"Kumi na saba, Shangazi. Mwezi wa tisa."

"Iandike ukutani."

Toai akaiandika. Tukashusha masinia. Diu alikuwa amesimama na upawa mkononi, akamtazama Toai akiandika, kisha akaanza kupakua. Alipakua vizuri tu, kila mtu akapata. Lakini mimi nilimwona, naye alijua nimemwona. Mtu mwenye siku yake anakumbukwa mara moja kwa mwaka, kama Khoan. Thieng alikuwa amepata siku, na sisi tulikuwa tumepoteza Jumamosi.

Jumatatu Diu alipiga pasi. Jumanne alimpigia binamu yake. Jumatano Quyen akapiga simu kwangu, maana alimwogopa Man, akauliza kama wageni wa Jumamosi awalete au awapeleke kwingine.

"Ngoja," nikamwambia.

Nikaenda kwa Man kwa miguu, kwa tuta la mashamba. Nilikuwa sina hotuba. Ningemwambia nini? Kwamba kaka yake arudi kupotea? Mwanamke amengoja tangu ana nywele nyeusi, amepata, halafu mimi nimwambie mkwe wangu ananikuna mgongo?

Nilimkuta anamenya karanga uani. Nikaketi, nikamenya na mimi.

"Wifi, siku imepatikana," nikasema.

"Imepatikana."

"Mama angefurahi."

"Angefurahi. Kisha angeuliza kwa nini tumechelewa."

Tukamenya.

"Kwa hiyo sasa ni mara moja kwa mwaka," nikasema, "kama wengine."

"Kama wengine."

"Diu anakwenda Bac Ninh. Jumapili."

"Nimesikia."

Bakuli lilikuwa linajaa. Kuku wake mmoja alikuja akala maganda, akaona hayafai, akaendelea kuyala.

"Huko kiwandani," Man akasema, "wanakula nini?"

"Kuna bwalo. Wali na kitu."

"Kitu gani?"

"Hakusema."

Akachukua karanga, akaitazama, akairudisha na ganda lake.

"Jumamosi hii nilikuwa nimepanga konokono wa mtoni," akasema. "Na tangawizi. Nilikuwa sijamjaribu na konokono."

"Hakutakuwa na Jumamosi, wifi."

"Najua. Mimi ndiye niliyesema iandikwe." Akapangusa mikono kwenye magoti, lile zima na lile jingine. "Unajua Thieng alikuwa mwongo?"

"Sikumkuta."

"Mwongo mkubwa. Alimwambia mama anakwenda kuazima shati la kupigia picha. Akarudi na shati na karatasi za jeshi. Kiazi changu alisema kimeliwa na panya, na mimi nilimwona. Ukimuuliza neno mara ya kwanza, hakuambii kweli hata umbane na mlango. Mama alikuwa anamuuliza kila kitu mara mbili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mtu kama huyo neno lake huliandiki ukutani siku hiyo hiyo. Nilifanya haraka. Nililia, nikafanya haraka."

Niliendelea kumenya. Nimejifunza kwamba mtu akiwa anarudi nyumbani mwenyewe usimfungulie lango kwa kelele.

"Sasa itabidi aulizwe tena," akasema.

"Lini?"

"Jumamosi."

"Na akikaa tena? Akila polepole kama siku ile?"

"Mtu hafi siku mbili. Akifanya hivyo atakuwa ametudanganya kwa moja kati ya hizo, na hatujui ipi. Tutaendelea."

"Na akipita tu kama zamani?"

Akanitazama kama ninavyotazamwa na mabinti zangu ninaposhindwa kuwasha simu.

"Basi mwaka ujao, kumi na saba ya mwezi wa tisa, tutamsubiri tuone. Kabla ya hapo siwezi kuwa na uhakika. Wewe ungeweza?"

Nikasema na mimi nisingeweza.

Nilirudi kwa tuta lile lile. Diu alikuwa mtoni na mashua tupu, anaisugua kabla ya kumwachia jirani. Nikasimama ukingoni.

"Shangazi yako anasema Jumamosi anataka konokono," nikamwambia. "Wa mtoni. Wasafishwe vizuri, si kama wale wa harusi ya jirani."

Akaacha kusugua. Miguu yake ilikuwa kwenye makasia, mashua ikawa inazunguka polepole mahali pamoja.

"Konokono wanataka kulowekwa siku mbili," akasema. "Leo ni Jumatano."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

"Na wageni wangapi?"

"Muulize Quyen. Mwambie na Wamarekani walete, nafasi ya mlangoni ipo."

Akageuza mashua, akaegemea nyuma, akapiga makasia kuelekea kule kwenye mawe yenye konokono wengi, haraka kuliko anavyowapakia wageni. Upande wa pili wa mto mtalii mmoja alikuwa anampiga picha miguu.